Kinundu cha sikio kimerudi

SWALI: Shikamoo daktari. Nilitoboa sikio kwa juu, pakaota kinundu kama punje ya harage. Kilikatwa, lakini baada ya miezi 5 kimerudi kikubwa zaidi, na usiku kinawasha. Naambiwa leza itakimaliza. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Hiyo ni keloidi, yaani kovu linaloota na kuvuka mipaka ya jeraha, na kuikata peke yake mara nyingi ni kuichokoza. Leza hupunguza muwasho na ugumu, ila huhitaji kusaidiwa na dawa ya steroidi, inayotuliza uvimbe na kulainisha kovu: ya kupaka au, kwa kovu nene kama lako, sindano ya triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe, kila wiki 4 hadi 6. Inauma, sikufichi. Kwa ngozi yetu nyeusi, uliza kwanza ni leza gani. Aina iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ina hatari ndogo ya kuacha mabaka. Kovu likilala, bandika jeli ya silikoni saa 12 au zaidi kwa siku, miezi kadhaa. Krimu kali za steroidi za dukani usijipakie kiholela. Nimeona ngozi ya pembeni ikiwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Na tafadhali, usitoboe tena popote, hata pua.