Maswali na majibu: somo lililokaririwa na somo lililoeleweka

Barua nne za wasomaji wa Lubumbashi zinahusu jambo moja, yaani namna wanafunzi wetu wanavyosoma, kwa hiyo ninazijibu pamoja.

*Niko mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa Katuba. Hukariri daftari zima usiku wa kuamkia mtihani na kupata pointi nzuri, lakini baada ya wiki moja sikumbuki kitu. Je, kichwa changu kina kasoro?*

Kichwa chako ni kizima, ndugu. Mwaka 1885 mtaalamu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, ambamo alikariri silabi zisizo na maana yoyote, akaonyesha kwamba mtu husahau kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo. Sentensi uliyoimeza bila kuielewa haitofautiani sana na silabi zile. Badala ya kusoma kurasa zilezile mara kumi, zisome, funga daftari, andika unachokumbuka, kisha urudie zoezi hilo baada ya siku mbili. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha njia hizo mbili: waliosoma tena na tena waliwapita wenzao walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioongoza ni wale waliokuwa wamejaribu kukumbuka bila kutazama.

*Mwanangu husema somo la fizikia kwa Kifaransa bila kukosea neno, lakini nikimwuliza maana yake hunyamaza. Mimi sikusoma sana. Nitamsaidiaje? (Mama wa Kampemba)*

Mama, swali lako ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu mtoto wako hana somo moja mbele yake bali mawili: fizikia yenyewe, na Kifaransa ambacho fizikia hiyo inafundishwa nacho. Nyumbani anaishi kwa Kiswahili, darasani anaulizwa kwa Kifaransa, na pale ambapo lugha hiyo haimfungulii mlango, anayashika maneno kama yalivyo, kama mtu aliyebebeshwa mzigo uliofungwa asijue kilichomo. Wengi huuita uvivu, nami nakataa kabisa, maana kukariri kurasa tatu za lugha usiyoielewa vizuri ni kazi ngumu kuliko kuelewa.

Kila jioni mwambie akueleze somo kwa Kiswahili, nawe usikubali neno lolote usilolielewa. Hapo kutosoma kwako kunamfaa, kwa kuwa hawezi kukuridhisha kwa istilahi. Siku ya kupika maharagi, mwulize maji huchemka katika joto gani. Atajibu digrii 100, na jibu hilo ni la kweli penye usawa wa bahari. Lakini Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako hewa huyakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, hivyo yanachemka katika digrii zipatazo 96. Ndiyo maana maharagi yako, hata yakitokota kwa nguvu, hudai muda mrefu na makala mengi kuliko yale yanayopikwa Muanda, ufuoni mwa bahari. Aliyeelewa ataweza kukuambia pia kwamba kuongeza moto hakupandishi joto la maji yanayochemka, bali huyakausha upesi. Akikwama, amwulize mwalimu wake swali hilohilo kesho yake.

*Je, tuache kabisa kuwakaririsha watoto? (Mwalimu, Ruashi)*

Hapana, mwalimu. Jedwali la kuzidisha na alama za elementi ni lazima vikae kichwani, kwani mwanafunzi anayetafuta 7 mara 8 kwa vidole hapati nafasi ya kufikiria hesabu yenyewe.

*Asistanti wetu hutaka maneno ya silabasi yalivyo, na anayeeleza kwa maneno yake hupoteza pointi. Kuelewa kutanifaa nini? (Mwanafunzi wa chuo kikuu)*

Malalamiko yako ni ya haki. Mwaka 1976, huko Göteborg nchini Uswidi, Ference Marton na Roger Säljö waliwapa wanafunzi makala wasome, wakaona kwamba wengine waliwinda maneno ambayo huenda yangeulizwa, na wengine walitafuta mwandishi anataka kusema nini. Wale wa kwanza mara nyingi hawakuikamata hoja. Waliona pia kwamba aina ya maswali ambayo mwanafunzi anayatarajia hubadilisha namna anavyosoma, na kwa hiyo sehemu ya lawama ni ya anayetunga mtihani. Wewe anza kwa kuelewa, ndipo ukariri ufafanuzi neno kwa neno, maana kilichoeleweka hukaririwa kwa muda mfupi. Katika mtihani uandike ufafanuzi kama ulivyo, kisha uongeze mfano mmoja wa kwako. Nao maasistanti wanaosoma safu hii ninawaomba, katika mtihani ujao, waweke walau swali moja ambalo jibu lake halimo ndani ya silabasi.