Kabla ya kushika kikokotoo, tazama umbali

Nafundisha tuisheni ya fizikia kidato cha tano, na swali la kanuni ya Coulomb, ya nguvu kati ya chaji mbili za umeme, huwaangusha hata wale wakali. Kanuni wanaijua kama wimbo: chaji mara chaji, mara 9 × 10⁹, gawanya kwa mraba wa umbali. Wanakoteleza ni kwenye umbali.

Mimi nami niliteleza hapo hapo. Mtihani wa majaribio ulitupa chaji za mikrokoulombi 2 na 3 (mikrokoulombi ni sehemu moja ya milioni ya koulombi, kipimo cha chaji), zimeachana sentimita 30. Nikaiweka 30 kama ilivyo, nikapata nguvu ya nyutoni 0.00006, nikafunga karatasi kwa raha zangu. Jibu ni nyutoni 0.6. Nilikosea mara elfu kumi!

Kwa hiyo anza na umbali. Ubadilishe uwe mita, utafute mraba wake pembeni (0.3 inakuwa 0.09), ndipo urudi kwenye chaji. Kisha jiulize: zikisogea hadi sentimita 15 itakuwaje? Nyutoni 2.4, mara nne. Mwaka 1785 Coulomb mwenyewe aliyaona haya kwa mizani yake ya uzi: vitufe viwili vyenye chaji vilisukumana vikaachana digrii 36, na uzi ukasokoteka digrii 36; ili avikaribishe hadi digrii 18, nusu ya umbali, ilibidi uzi usokotwe hadi digrii 144, mara nne.

Chaji ikiwa hasi, alama yake ya kutoa usiiingize kwenye hesabu. Itumie kuchora mishale ya nguvu tu, zinavutana au zinasukumana. Na mishale iwe sawa kwa urefu, maana chaji ya 3 haiisukumi ya 2 kwa nguvu zaidi ya inavyosukumwa nayo. Hapa wengi hubisha.

Ukitaka kuuona umbali ukifanya kazi, sugua kitana cha plastiki kwenye nywele kavu, ukisogeze kwenye vipande vya karatasi. Karatasi haina chaji ya ziada, lakini inaruka. Chaji zake zinajivuta kidogo: zinazopendana na kitana zinakaa karibu, zinazokichukia zinarudi nyuma. Pengo hilo dogo mno linatosha mvuto kuushinda msukumo.

Ila usijaribu Dar wakati wa masika. Nilifanya hivyo Aprili moja mbele ya darasa zima, nikasugua mpaka kichwa kikauma, karatasi haikutikisika. Unyevu ulikuwa unaiondoa chaji kadiri ninavyoikusanya. Siku hizi kitana nakitoa Julai, nikiwa likizo Dodoma, na wapwa zangu ndio darasa.