Kijiti kikianguka, jaji usianguke nacho

Wadogo zangu mnaoanza kukaa meza ya majaji wa solo, mashindano ya mpiga ngoma mmoja mmoja, kwanza asanteni kwa kuitikia wito. Siku ya solo ni ndefu, majaji hawatoshi, na ninyi mnakuja na masikio mazima na hamu ya kazi. Lakini msimu huu nimezisikiliza rekodi zenu za maoni, yale mnayosema kwenye kinasa sauti mshindani akipiga, moja baada ya nyingine na nimechoka kusema jambo lilelile kila mapumziko. Makosa waliyokemewa waliowatangulia mmeyaokota palepale walipoyaacha. Basi nayaandika hapa, ili tukikutana msimu ujao tuzungumze muziki.

1. Alama ya mshindani wa kwanza. Mpiga snea (ngoma yenye nyuzi zinazochachatika chini) wa kwanza asubuhi anapiga vizuri, mnafurahi, mnampa 94. Kufika mchana wamekuja watatu waliomzidi, na sasa mnawabananisha juu huko kwa nusu alama nusu alama. Au mnafanya kinyume: mnamwogopa, mnampa 78 "tuwaone wengine kwanza", kumbe wengine wote ni wa chini yake, na jioni hakuna anayeweza kueleza kwa nini aliyepiga vizuri kuliko wote amekuwa wa nne. Shiti, karatasi yako ya alama, ina maelezo ya kila ngazi. Soma maneno, mweke mshindani pale maneno yanapomweka, hakikisha pamebaki nafasi juu yake na chini yake.

Msidhani hili ni tatizo la majaji wachanga peke yao. Kwenye mashindano ya piano ya Malkia Elisabeth kule Brussels, zamu za kupiga hupangwa kwa kura. Watafiti Flôres na Ginsburgh walionyesha mwaka 1996 kwamba waliopangiwa siku za mwisho za fainali walielekea kushika nafasi za juu kuliko waliofungua. Pale mezani wanakaa wapiga piano wakubwa wa dunia. Kama zamu imewayumbisha wao, itakuyumbisha na wewe. Kila mapumziko rudi kwenye maandishi yako ya mshindani wa kwanza na uyasome kabla hujanywa maji.

2. Hamkuitwa kuhesabu makosa. DCI, chombo kinachosimamia mashindano ya drum corps (vikundi vya vijana vya ngoma na tarumbeta) Marekani tangu 1972, kilikuwa na mfumo wa tiki: kosa moja, sehemu moja ya kumi ya alama inakatwa. Jaji alipita katikati ya safu za ngoma na ubao wake mkononi, sikio limeinamia vijiti, anatiki. Mfumo ule uliachwa katika miaka ya 1980, na sababu yake mnaweza kuiona wenyewe: ukimkata mtu kwa kila kosa, mwenye akili ataandika solo rahisi asikosee. Karatasi za tiki zimeondoka, lakini nasikia tiki kwenye sauti zenu. "Flamu bapa. Roli imebanwa. Flamu bapa tena." Dakika nzima hivyo! (Kwa mgeni: flamu ni pigo kubwa linalotanguliwa kidogo na kinoti, pigo dogo la mkono mwingine; yakifika pamoja, ni bapa. Roli ni mapigo ya haraka yanayoungana.) Mtoto akisikiliza atajifunza nini, zaidi ya kujua kwamba ulikuwepo?

Mweleze kilichotokea mkononi. Chukua flamu tepu: flamu, kisha tepu (pigo laini) ya mkono uleule, halafu unabadilisha mkono. Kila mkono una mapigo matatu mfululizo: mkazo, tepu, kisha kinoti cha flamu inayofuata. Asipousimamisha mkazo chini, tepu inatoka nene, kinoti kinaanzia juu, na flamu inayofuata lazima iwe bapa kwa sababu vijiti viwili vimetoka kimo kimoja vikafika pamoja. Kwa hiyo kosa ulilolisikia kwenye flamu lilizaliwa mapigo mawili nyuma. Ukimwambia "shusha mkazo wa kushoto, hapo ndipo vinoti vyako vya mkono huo vinapoharibika", umempa kazi ya wiki nzima kwa sentensi moja. Hiyo ndiyo kazi tuliyoitiwa. Na kabla ya kumkata, jiulize amejitwika nini: anayepiga flamu tepu kwa kasi ile huku akibadilisha vimo hasomwi sawa na aliyekaa kwenye roli za mapigo matano mwanzo mpaka mwisho. Ugumu na utekelezaji husomwa pamoja.

Kuhusu majina: rudimenti 40 (mapigo ya msingi) za Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma, mnazijua, ila vijana siku hizi wanaziunganisha na kuzipa majina yao, basi usipokuwa na hakika na jina, eleza mikono ilifanya nini.

3. Hili ndilo lililonifanya nikae niandike.

Nilikuwa meza moja na jaji mpya, kijana msikivu, mpigaji mzuri kweli yeye mwenyewe. Akaingia binti wa snea, mshiko wa jadi, solo ameiandika mwenyewe. Sehemu ya kwanza ilikuwa safi, na ya kawaida. Katikati akashuka kwenye bazi roli (roli ya vijiti vinavyobanwa ngozini vidundedunde) laini kabisa pembeni ya ngozi, vijiti karibu vinagusa rimu, ukingo wa ngoma, na palepale kijiti cha kushoto kikamponyoka. Kikagonga sakafu, kikabingirika mpaka mguuni kwa mtunza saa. Ukumbi mzima ukasema "aaah".

Sikilizeni alichofanya. Mkono wa kulia haukusimama. Aliendelea na mapigo yaleyale ya msingi kwa mkono mmoja, laini vilevile, huku wa kushoto ukienda kwenye mfuko wa vijiti, ukachomoa cha akiba na kurudi mahali pake. Hakukimbia. Akangoja mwanzo wa kifungu kinachofuata, akaingia juu ya pigo la kwanza, na tempo ilikuwa ileile. Kutoka hapo akapiga sehemu ambayo bila shaka ndiyo aliyoiandikia solo yote: roli inayofunguka kutoka chini kabisa hadi kimo cha mwisho, pigo la pili la kila jozi likisikika sawa na la kwanza, hata kule juu ambako wengi wetu la pili hufifia. Sikusikia roli kama ile siku nzima.

Nikageuka. Kalamu ya mwenzangu ilikuwa imelala mezani. Amekunja mikono. Namba imeshaandikwa, na binti bado anapiga. Nikamgusa kiwiko nikamwonyesha kinasa sauti. Akatikisa kichwa kukubali, akabaki kimya. Kwake solo ilikwisha kijiti kilipogusa sakafu.

Matokeo yakatoka. Baadaye, kwenye muda wa maoni, binti akaja mezani na mwalimu wake nyuma. Alikuwa ameshaisikiliza rekodi yote. Akaiweka pale penyewe: sauti ya kijiti kikigonga, sauti ya jaji ikisema "oo, pole, kijiti", kisha ngoma yake peke yake mpaka mwisho, na pumzi za jaji. Hakulalamika kuhusu namba. Aliuliza, kwa adabu kabisa: "Jaji, naomba kujua sehemu ya pili ilikuwaje?"

Mwenzangu hakuwa na la kumjibu, kwa sababu hakuisikia. Alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye ngoma na hakuisikia. Akasema, "Ilikuwa nzuri tu." Binti akashukuru, akakunja shiti yake, akaondoka. Matokeo yakishatangazwa hatuyagusi, kwa hiyo namba ile ikabaki vile vile. Nikamfuata mwalimu wake kumweleza nilichokisikia mimi kwenye roli ile, lakini kwenye shiti ya mwenzangu pale palibaki patupu.

Sisemi kijiti kilichoanguka kisikatwe. Kikatwe. Ule muda ambao mkono wa kushoto haukuwepo, muziki uliokusudiwa haukupigwa, na hilo lina bei yake kwenye utekelezaji. Lakini bei yake ni ya ule muda tu. Na alivyojiokoa, tempo isiyoyumba, kuingia juu ya kifungu badala ya kurukia popote, huo ni ufundi unaoonekana kwenye shiti ileile uliyopewa. Taja kijiti kwa sentensi moja, endelea kusikiliza, namba iandike baada ya pigo la mwisho. Ukiiandika kabla, sikio lako litaanza kuitetea.

4. Macho. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha majaribio yaliyonishtua: watu walioonyeshwa video bila sauti ya wanafainali wa mashindano ya piano walimtambua mshindi mara nyingi zaidi kuliko waliopewa sauti peke yake, na wanamuziki wa kazi nao walikuwa hivyo hivyo. Hao ni wapiga piano waliokaa kwenye kiti. Sisi tuna watu wanaorusha vijiti hewani, wanaogeuza kijiti kupiga kwa kitako, wanaokunja uso kama simba. Mimi huinamisha macho kwenye karatasi vifungu vichache vya kwanza, nasikia ngoma kwanza, kisha ndipo natazama. Maonyesho yana sehemu yake kwenye shiti na yapewe haki yake hapo. Lakini kijiti kikirushwa vizuri na pigo la kukipokea likachelewa, pigo limechelewa.

5. Kwinti (seti ya ngoma tano anazobeba mpigaji mmoja) si snea nne na kikombe. Nawasikia mnahukumu kwinti kwa flamu na roli tu, kama vile mpigaji hasogei. Angalieni vijiti vinatua wapi. Ngoma hizi zinaimba karibu na rimu; mpigaji akivuka mkono kwa kasi, kijiti huangukia katikati ya ngozi na sauti inakufa kwa pigo moja au mawili, kisha inarudi. Ukilisikia hilo, mwambie ni ngoma ipi na mkono upi. Na msishangilie kila mkono unaovuka. Wengine wanavuka mahali ambapo mkono wa upande huo ungefika bila shida, na sauti ndiyo inayolipa.

6. Madogo. Muda ukizidi, adhabu ni ya mtunza saa. Wewe usimkate mara ya pili kimoyomoyo. Usipige vidole mezani, mshindani anakusikia na kinasa kinakunasa. Usimtaje aliyetangulia kwenye rekodi ya mwingine. Kikundi anachotoka hakina alama kwenye shiti, hivyo usikiulize. Jambo moja zuri la kweli lisemwe mapema, wakati bado unalisikia, si mwishoni kama kifuta machozi.

7. Na jamani, taja namba ya mshindani mwanzo wa kila rekodi, kabla hajapiga. Msimu huu watu wa matokeo walikaa wakilinganisha sauti za ngoma na ratiba ili wajue rekodi ipi ni ya nani, na watoto wamepanga foleni mlangoni wakisubiri kusikia mlichowaambia.