Gudi lililogeuka mahame

Ukisimama ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki, utawaona mafundi wa majahazi wakigonga mpaka alasiri. Pale ndipo nilipolipata gudi, yaani mahali pa kuundia vyombo, la mchezo wetu wa Jumamosi, ule wa mezani ambao kila mtu anabeba mhusika wake, mmoja anasimulia, na dadu yenye nyuso 20 inaamua. Nilichofanya ni kuwaondoa watu tu. Chombo kikabaki juu ya magadi, yale magogo ya kukiegemeza, nusu kimeundwa.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilijaza majini na mashetani kila pembe, wachezaji wakapigana nao usiku kucha, na gudi lile lingeweza kuwa pango au ghala, lisingeleta tofauti. Sasa naanza na swali: mafundi waliondoka kwa nini? Sababu ya kawaida itangulie, uchawi ufuate. Mfano tunao hapahapa: mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya utawala wao Dar es Salaam, kwa kuwa maji ya Bagamoyo ni mafupi na meli kubwa hazikaribii. Katika mchezo wangu mchanga uliziba mdomo wa hori, ule mkono wa bahari, wateja wakahama. Wakabaki mafundi watatu na chombo kimoja kisichojulikana kimeagizwa na nani.

Bahari nayo usiiache ikae kama picha ukutani. Toka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na siku za bamvua maji hupanda mita 3 na zaidi. Naweka kete sita za bao katikati ya meza. Kila wakimaliza shughuli nzito, naondoa moja. Ikitoka ya tatu, maji yamefika kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo. Ikitoka ya tano, magadi yanaanza kuteleza. Siwahimizi kwa maneno. Macho yao hayabanduki kwenye kete.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye kazi ya mikono. Kaa na fundi asubuhi moja. Mwangalie anavyotoboa kwa keekee, upinde unakwenda na kurudi, unga wa mbao unamwagika miguuni pake. Kisha mwangalie akipiga kalafati: pamba yenye mafuta inashindiliwa kwenye mianya ya mbao, kwa nje, mpaka ikaze. Ukishaviona hivi huhitaji kubuni mengi.

Mimi nilisema mambo mawili tu. Keekee imenasa kwenye tundu ambalo halijatokeza upande wa pili. Patasi ya kalafati imelala ndani ya chombo. Nikanyamaza.

Mchezaji mmoja, ambaye babu yake aliunda mashua, akaiweka dadu chini.

"Ngoja kwanza, kaka. Kalafati inapigwa nje. Hawa wamepiga ndani?"

"Ndani."

"Mianya yote?"

"Yote, mpaka ya sitaha."

Kimya. Wameelewa wenyewe kwamba mafundi walikuwa wakizuia kitu kisiingie, na mezani zimebaki kete mbili. Chunusi, lile jini la baharini linalozamisha watu, alipotokea nilimpa sentensi moja, maana hofu ilishaingia kabla yake.

Hawakupigana naye. Kwa kete ya mwisho waliyagonga magadi, wakakishua chombo usiku uleule kikiwa hakina mlingoti wala tanga, na hakikuvuja hata tone.