Barazani kwa Bibi: Kibwagizo Waachie Watu

Mwezi huu barua nne zimeniangukia upande mmoja, kama embe za mti wa jirani. Waandishi wote wana mashairi na hawajui wayapeleke wapi. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenye barua ana siku chache tu.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, umri wangu miaka 31. Natunga tangu niko sekondari. Nimejaza daftari tatu za kaunta na hakuna aliyezisoma ila mke wangu. Sasa mwalimu mkuu wa shule anayosoma mwanangu kapata habari (mke wangu ndiye aliyesema) na ameniomba nighani kwenye mahafali ya darasa la saba. Nimetunga beti 18. Nikijaribu kwa sauti, natetemeka, na wala sina sauti ya kuimba. Je, nikisoma tu kama taarifa ya habari itakuwa vibaya? — Fundi wa Muheza*

Marahaba, fundi. Kwanza mshukuru mkeo. Kila mshairi niliyepata kumjua alisukumwa barazani na mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuomba ruhusa.

Beti 18, mwanangu? Kwenye mahafali? Hebu tuione siku yenyewe. Watoto wamekaa chini ya turubai tangu saa mbili, mgeni rasmi amefika saa tano, risala imesomwa yote pamoja na upungufu wa matundu ya vyoo, na upepo unaleta harufu ya pilau kutoka nyuma ya madarasa. Hapo ndipo unapoitwa wewe. Chukua beti saba, na katika hizo saba uwe umeshajua mbili utakazoziruka ukiona watu wanageuza shingo. Ubeti mmoja ukighaniwa bila haraka hula kama nusu dakika. Wakikuitikia, unakula zaidi.

Usiniulize zipi za kuacha. Wewe ni fundi, kukata unajua. Mghanie mkeo zote 18 akiwa anachambua mchele, umtazame mikono. Ubeti ambao mikono yake haikusimama, weka pembeni. Haujafa, utautumia siku nyingine.

Sasa suala la sauti. Kusoma ni jambo moja, kughani ni la pili, kuimba ni la tatu, na wewe umeombwa la pili. Kughani hakutaki koo la kinanda. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge: mchana anapima marobota, usiku anapima mishororo. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa banda la mbuzi. Lakini akianza kughani, watu walisogeza mikeka. Siri yake ilikuwa kwamba hakukimbia kipande. Mizani nane, yaani silabi nane, pumzi, mizani nane, pumzi, na kwenye kina, ile silabi ya mwisho inayolingana, alituliza sauti kidogo, kama mtu anayeweka mzigo chini bila kuuangusha. Sikio la msikilizaji hukaa likingoja kina. Ukikipita mbio, umemdhulumu kitu alichokuja kukichukua.

Tafuta mahadhi mamoja tu unayoyajua tangu utotoni, yawe ya redioni kwenye vipindi vya malenga au ya kisomo cha maulidi ya mtaani kwenu, uyashike hayo. Usichanganye. Fanya mazoezi ukiwa umekaa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga. Nakuhakikishia, wiki ikiisha mguu utakuwa unajua mizani kuliko kichwa.

Ya kutetemeka sina dawa, mimi mwenyewe bado natetemeka na meno yangu si yote yangu. Nina ujanja mmoja: usishike karatasi moja. Karatasi hutangaza mtetemeko mpaka safu ya nyuma. Shika daftari lako la kaunta, lile zito, ulilaze kwenye kiganja cha kushoto. Na kabla ya siku yenyewe kamwulize mshereheshaji spika zitakaa wapi. Zikikaa nyuma yako zitapiga yowe, na watoto watacheka, na kicheko hicho utakichukulia kuwa chako.

Halafu kuna jambo ambalo watungaji wa daftarini hawalijui, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie marefu namna hii. Kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, si mali yako. Umekitunga wewe, lakini ukishasimama mbele za watu, kiachie. Chagua shairi ambalo kibwagizo chake hakibadiliki, na kabla hujaanza wafundishe watoto kipande cha utao, yaani nusu yake ya pili. Nimekutungia ubeti mmoja wa kuanzia, utazame:

Siku ya kwanza kufika, mlilia kwa kelele,
Leo nguo zafupika, miguu mirefu tele,
Popote mkishafika, iwe hapa iwe kule,
Kalamu msije weka, jembe nalo lisilale.

Wewe unasema "Kalamu msije weka", unanyamaza. Darasa la saba wote wanajibu "jembe nalo lisilale". Ubeti wa kwanza watajibu kwa aibu, wa pili watajibu wavulana kwa kupiga kelele, na kufika wa tatu utasikia hata wapishi kule kwenye masufuria. Hapo hutatetemeka tena kwa sababu hauko peke yako. Mshairi Mathias Mnyampala alilijua hili vizuri, ndiyo maana ngonjera zake zilipewa watoto wa shule wazighani kwa kujibizana. Akafa mwaka 1969, na mpaka leo hakuna mahafali ya shule yanayokwisha bila ngonjera. Nyingine mbaya, nakubali.

La mwisho, jua unayemghania. Mimi mara ya kwanza kusimama nilikuwa na miaka 22, kwenye harusi moja Ngamiani, upande wa wanawake. Nilikuwa na shairi langu nililolipenda kuliko yote, la kulaani uke wenza, beti tisa, vina vimenyooka kama reli. Nilipofika ubeti wa tatu nikaona akina mama wanatazama mikeka. Wa nne, shangazi wa bibi harusi akaanza kukohoa. Sikuelewa, nikaongeza sauti. Nilimaliza yote tisa. Ndipo aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza kwamba bwana harusi ana mke Pongwe na watoto watatu. Nilikula wali wangu jikoni siku hiyo. Kwa hiyo, fundi, muulize mwalimu mkuu: kuna mtoto aliyefariki mwaka huu? Kuna walioacha shule? Mgeni rasmi ni nani? Dakika tano za kuuliza zinatosha.

*Bibi, heshima yako. Nasoma chuo hapa Dodoma. Natunga mashairi huru. Juzi nilisoma moja kwenye hafla, mzee mmoja akasimama akasema "hilo ni guni, kaa chini". Nimevunjika moyo. — Asiye na Vina*

Mzee kakosea mara mbili, na kosa la adabu ndilo kubwa. Guni ni shairi lililokusudia vina na mizani likashindwa kuvitimiza. Wewe hukukusudia, kwa hiyo hukushindwa. Ugomvi huu una umri kuliko wewe. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi*, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 wazee walimjia juu, na wengine hawajashuka.

Mimi mwenyewe natunga kwa mizani na nitazikwa nayo. Lakini nimesikiliza vijana wengi wa mashairi huru, na tatizo lao jukwaani mara nyingi ni kwamba wamemnyang'anya msikilizaji kina wasimpe kitu badala yake. Msomaji anaweza kurudi juu ya ukurasa. Msikilizaji hawezi. Mpe sentensi moja inayorudi, hata mara tatu tu, ashike kama kamba ya kivuko. Halafu jifunze kutunga tarbia moja, shairi la mishororo minne kila ubeti, iliyokamilika, vina vya kati na vya mwisho. Siku mzee akisimama tena, mghanie hiyo kwanza, kisha endelea na yako.

*Bibi, nilighani shairi langu kwenye mkutano wa kijiji, mtu akanirekodi kwa simu. Sasa linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila jina langu, na kuna mtu wa wilaya nyingine anasema ni lake. Nifanye nini? — Aliyeibiwa, Korogwe*

Pole sana. Kama ulilitoa gazetini au unalo kwenye daftari lenye tarehe, tunza ushahidi huo, na COSOTA ndio wanaoshughulikia hakimiliki kwa upande wetu wa Tanzania, waendee. Ila nitakwambia walivyofanya wazee kabla ya ofisi zote: walijitia ndani. Ubeti wa mwisho, ule wa tamati, ndio wenye jina, mji, na mara nyingine tarehe. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi alifunga kwa kuutia mwaka, 1275 wa Hijria, ambao ni 1858. Jina au lakabu yako ikikaa kwenye kina, mwizi atalazimika kutunga ubeti upya, na mwizi wa mashairi kwa kawaida hawezi kutunga.

Ukinikubali, lakini, usikasirike kupita kiasi. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu miaka na miaka mpaka Mwalimu Sikujua akasaidia kuyakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ile. Walioyabeba hawakumwomba ruhusa.

*Assalamu alaykum Bibi. Mimi na wenzangu sita hapa Kisauni, Mombasa, tuna chama chetu cha akiba. Wanne katika sisi twatunga. Twataka kuanza siku ya kughaniana, lakini mmoja wetu mumewe hapendi sauti yake isikiwe na wanaume, na mwengine ana aibu hata mbele yetu. Twaanzaje? — Bi Mdogo wa Kisauni*

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Nyinyi mna kila kitu na hamjui. Watu saba, siku maalumu, na imani ya kupeana pesa. Mtu aliyekuaminia shilingi zake hatakucheka kina kikikupotea.

Msitafute ukumbi. Fanyeni uani, baada ya alasiri, siku ileile ya kukutana kwa hesabu, na hesabu ifanywe mwisho ili asiondoke mtu mapema. Kila mmoja alete shairi lake moja na jengine la mtu mwengine analolijua kwa moyo, hata kama ni ubeti mmoja wa bibi yake. Hilo la pili ndilo litakalowafungulia wasiotunga. Utashangaa vichwa vya wanawake wa Mombasa vimehifadhi nini.

Huyo ambaye mumewe hapendi, mimi siingii chumbani mwa watu. Uani ni wenu wanawake, hapo hana la kusema. Mkitaka shairi lake litoke nje, mpeni mwengine alighani. Si aibu wala si jambo jipya. Kule Lamu mashairi ya Ustadh Mahmoud Mau yalitembea kwa kanda za kaseti, nyumba hata nyumba, yakighaniwa na watu wengine wenye sauti za kughani. Mtungaji ni mmoja na mghani ni mwengine, na kila mmoja ana sifa yake. Litajwe jina la mtungaji mwanzo na mwisho, basi.

Na mwenye aibu mpeni kazi ya kuitikia kibwagizo. Msimwombe zaidi ya hapo, mwezi wa kwanza wala wa pili. Akae karibu na birika. Atamimina kahawa, ataitikia, atamimina. Mwezi wa tatu au wa nne mtu atasahau ubeti katikati, na yeye, birika mkononi, ndiye atakayeumalizia. Nimeliona hili hapa barazani kwangu mara mbili. Siku hiyo msimpigie makofi, atatoroka. Mwambieni tu kahawa imepoa, akapashe moto, na akirudi muulizeni kama ana jengine.