Ukurasa wa Gratianus unasomwaje?

SWALI: Nimepakua picha za nakala ya mkono ya Decretum ya Gratianus. Katikati kuna safu mbili, na maandishi madogo yamezizunguka pande zote. Mahali fulani pameandikwa "xvii. q. iiii. Si quis suadente". Nianzie wapi? – Mwanafunzi wa sheria, Ubungo, Dar es Salaam.

JIBU: Anzia katikati. Hapo ndipo penye mkusanyo wenyewe wa sheria za Kanisa, uliotungwa Bologna mnamo 1140. Kwenye pambizo kwa kawaida ni ufafanuzi wa Johannes Teutonicus, uliohaririwa baadaye na Bartholomaeus wa Brescia. Kuuoanisha na matini, fuata kiherufi kidogo au neno lililopigiwa mstari.

Rejea yako inataja kesi ya 17, swali la 4, kanuni inayoanza kwa maneno Si quis suadente, yaani ile inayomtenga na Kanisa anayempiga mkleri au mmonaki. Namba ya kanuni usiitafute: wanasheria wa zama zile walitaja maneno ya mwanzo tu. Leo tunaandika C. 17 q. 4 c. 29. Kesi hizo za kubuni ni 36 na zote zimo sehemu ya pili. Ukikuta "xl. di. Si papa", rudi sehemu ya kwanza, yenye distinctiones (migawanyo) 101: ni D. 40 c. 6. Ukikuta "extra", funga kitabu hiki, maana unapelekwa kwenye mkusanyo wa Papa Gregory IX wa 1234. Wanafunzi wengi hupotelea hapo.

Maneno mekundu ni vichwa vya kanuni. Mnakili aliacha nafasi, vikajazwa baadaye. Nafasi ikiwa finyu, kichwa hujipenyeza mwishoni mwa mistari ya jirani, nawe ukakisoma kama sehemu ya kanuni. Herufi kubwa ikikosekana ("uis" badala ya "Quis"), mchoraji hakufika.

Sentensi ikikatika bila maana, angalia kama kuna neno lililojirudia karibu: jicho la mnakili huruka kutoka la kwanza hadi la pili, na vyote vya katikati hupotea. Linganisha na toleo lililochapishwa la mhariri Friedberg la 1879. Ila kifungu kilichoandikwa "Palea" kikikosekana, usimlaumu mnakili. Ni nyongeza za baada ya Gratianus, na nakala nyingi hazinazo zote.

Mwandiko ukibadilika ghafla nako kuna sababu. Wauza vitabu wa Bologna walikodisha nakala kielelezo vipande vipande, hivyo wanakili kadhaa waliweza kugawana kazi moja.