McCaffrey au Kamara?

Kaka, umeuliza kati ya Christian McCaffrey na Alvin Kamara, wakimbiaji wa NFL (ligi ya soka la Kimarekani), kila mmoja akiwa kwenye ubora wake, nani alikuwa na thamani zaidi kwenye fantasi, ule mchezo wa kupanga timu yako ya kubuni na kupata pointi kwa wanachofanya wachezaji uwanjani. Mimi McCaffrey, tena bila kusita. Mwaka 2019 akiwa timu ya Carolina alikimbia yadi 1,387, akadaka pasi 116 zilizompa yadi 1,005 nyingine, na tachidauni 19 (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) juu yake. Ligi yenu ikitoa pointi moja kwa kila pasi iliyodakwa, hizo pasi tu ni pointi 116 kabla hujahesabu hata yadi moja!

Shida yake ni majeraha. 2020 alicheza mechi 3, 2021 mechi 7. Ukimchukua, mchukue na mkimbiaji wa akiba wa timu yake.

Kamara ndiye wa kukufanya ulale bila wasiwasi. Misimu yake mitatu ya kwanza alidaka pasi 81, kisha 81, kisha tena 81, utadhani ana daftari. Halafu ile Krismasi ya 2020 akawapiga timu ya Minnesota tachidauni 6, zote za kukimbia. Aliyekuwa naye wiki ile alishinda hata kama alisahau kupanga wengine.